Upole Ulimponza Beagle

Si mshaona zile video za mbwa anayekanyaga nyasi kwa mara ya kwanza maishani? Mlango wa kizimba unafunguliwa, mbwa wa masikio marefu anasimama pale kama ameambiwa hilo shamba lina mwenyewe, anainua mguu mmoja, anaurudisha. Chini kwenye maoni watu wanalia tu. Mimi pia huwa nazitazama, sikatai. Lakini kuna swali sioni likiulizwa: mbona karibu kila mara ni beagle? Mbona si German Shepherd?

Jibu liko kwa historia, na si historia tamu.

Beagle alianza kama mbwa wa kuwinda. Huko Uingereza walikuwa wanawafungulia kundi zima lifuate harufu ya sungura, wenyewe wakikimbia nyuma kwa miguu. Miaka ya 1830 kasisi mmoja wa Essex, Phillip Honeywood, alikuwa na kundi ambalo wapenzi wa hawa mbwa hulitaja kama chimbuko la beagle wa leo. Sasa fikiria kazi ya kundi inataka nini. Inataka pua kali, na inataka mbwa wanaoelewana. Anayeng'ata wenzake anaharibu uwindaji, kwa hivyo huyo hapewi nafasi ya kuzaa. Chagua wapole kizazi baada ya kizazi na mwisho unapata mbwa wa kilo kumi hivi, anayelala na wenzake bila vita, asiye na kinyongo, na ambaye hata ukimuumiza ni nadra akugeukie.

Hiyo sifa ya mwisho ndiyo iliyomponza. Kuna watu wa koti jeupe walioiona wakasema, huyu anatufaa.

Miaka ya 1950 Marekani ilikuwa na hofu ya nyuklia na ilitaka kujua mionzi inafanya nini ndani ya mwili. Kwa pesa za serikali, Chuo Kikuu cha Utah kikaanza kuwadunga beagle plutonium na radium, halafu wanawafuatilia hadi siku ya kufa. Huko Davis, California, wengine wakapewa strontium. Hadi kinyesi chao kilihesabiwa kuwa taka ya nyuklia. Walipokufa hawakuzikwa kama mbwa, walihifadhiwa kama taka.

Halafu ikaja sigara. Mwaka wa 1975 mwandishi wa habari wa Uingereza, Mary Beith, alijifanya mfanyakazi akaingia kwenye maabara ya kampuni ya ICI. Alitoka na picha ambayo gazeti la Sunday People lilichapisha: beagle wamefungwa kwa safu, kila mmoja na kifaa usoni kinachomlazimisha kuvuta. Walikuwa wanajaribu tumbaku bandia, ya kuuzwa kama sigara isiyo na madhara makubwa. Bidhaa yenyewe iliingia sokoni 1977 na ikakosa wateja. Mbwa wote hao, kwa kitu ambacho wavutaji walionja wakarudia zao za zamani.

Wacha niwe mkweli lakini. Si kila kitu kilikuwa upuzi kama huo. Kwa miaka mingi, dawa kabla ijaribiwe kwa binadamu ilitakiwa ipimwe kwa wanyama wa aina mbili, na mmoja asiwe panya au jamii yake. Huyo wa pili mara nyingi alikuwa beagle. Kwa hivyo dawa ulizomeza ukiwa mtoto, kuna uwezekano mkubwa zilipitia kwake. Hiyo inanifanya nisimhukumu kila mwanasayansi. Ila hainifanyi nikubali ile sababu ya kumchagua. Hawakusema moyo wa beagle unafanana na wetu kuliko wa mbwa wengine. Walimchukua kwa sababu ni mdogo, hali sana, na hapigani. Tunajua hiyo hesabu hata mtaani: mzigo anapewa yule asiyelalamika.

Watu walianza kuamka polepole. Aprili 2012 huko Italia, waandamanaji waliruka ua wa kituo cha Green Hill, mahali beagle walizalishwa kwa ajili ya maabara, wakawapitisha watoto wa mbwa juu ya seng'enge mchana kweupe. Miezi michache baadaye mahakama ikafunga kituo, na zaidi ya mbwa 2,000 wakapelekwa kwa familia. Halafu 2022 ikawa zamu ya Cumberland, Virginia. Kituo cha Envigo kilikuwa na beagle karibu 4,000. Wakaguzi wa serikali walikuta mama wanaonyonyesha wamenyimwa chakula, na watoto wa mbwa zaidi ya 300 waliokufa bila sababu kuandikwa. Serikali ikaenda kortini, mbwa wakatolewa kwa malori kuanzia Julai hadi mwanzoni mwa Septemba, wakasambazwa nchi nzima. Mmoja, mama wa miaka saba, alienda kwa Prince Harry na Meghan. Mwaka wa 2024 kampuni ilikiri makosa na kukubali kulipa zaidi ya dola milioni 35.

Kwenye habari, hapo ndipo stori huisha. Mbwa wametoka, makofi. Kumbe kwa mtu aliyemchukua, hapo ndipo kazi inaanza.

Huyo mbwa ana namba iliyochorwa ndani ya sikio na pengine hajawahi kuwa na jina. Hajui ngazi. Akijiona kwenye kioo anaruka. Kizimbani alikula na kujisaidia palepale, kwa hivyo hajui kuna mahali pa choo. Mkono ukija juu ya kichwa chake anaganda. Na wageni wakija wanasema, "Huyu ametulia sana, ana adabu." Hiyo si adabu, wasee. Hiyo ni hofu iliyojifunza kukaa kimya.

Kwa hivyo mafunzo yake yanaanza kinyume. Unakaa sakafuni, humtazami, unamwachia aje. Unamtoa nje kila akimaliza kula na kila akiamka, na akijisaidia huko unamsifu na kumpa kipande cha nyama papo hapo, si dakika tano baadaye. Akikosea ndani unapangusa, unanyamaza. Ukimchapa unamthibitishia alichokijua tayari. Kama kuna mbwa mwingine kwa nyumba bora zaidi, kwa sababu huyu alizaliwa kuiga kundi na ngazi atafundishwa na mwenzake haraka kuliko wewe. Nje ni kamba na ua, hakuna mjadala: beagle akishika harufu, jina lake halisikii tena. Unaficha vipande vya chakula ndani ya taulo na katoni avitafute, maana pua ndiyo kitu kimoja maabara haikumwondolea.

Halafu siku moja, labda baada ya miezi, anaiba chapati mezani. Anabweka ile sauti yao ndefu hadi majirani wanalalamika. Anakuvuta na kamba kuelekea jaa la taka. Usikasirike, hiyo ndiyo siku ya kupiga picha. Mbwa mkaidi ni mbwa ambaye sasa anaamini hatafanyiwa kitu kibaya akiwa na maoni yake.

(Hapa kwetu wengi tulikua na Simba wa kufungiwa mchana na kufunguliwa usiku, na mbwa wanaosubiri watu kule KSPCA Karen ni koko, hawajatoka maabara. Lakini ile ya kukaa sakafuni inafanya kazi kwao pia.)

Na huo ulafi una kazi. Tangu 1984, kuanzia uwanja wa ndege wa Los Angeles, Marekani ina kikosi kinachoitwa Beagle Brigade, na mbwa wengi wake hutoka kwenye vituo vya mbwa waliotelekezwa. Wanafundishwa harufu tano kwanza: tufaha, machungwa, embe, nyama ya ng'ombe na nyama ya nguruwe. Hawafundishwi kubweka wala kuparua begi. Akinusa kitu anakaa chini kando yake, anangoja kupewa chakula chake. Walichagua beagle kwa sababu ileile, ni mdogo na hatishi abiria, ila safari hii upole wake analipwa.

Oktoba 2018, uwanja wa Atlanta, mmoja wao anayeitwa Hardy alipita kwenye mizigo ya abiria kutoka Ecuador. Hardy alikuwa ameteswa vibaya kabla ya kuokolewa. Akasimama kwenye begi moja, akanusa, akakaa. Ndani kulikuwa na kichwa kizima cha nguruwe, kimechomwa.