Somo la Historia: Jina la Kariakoo

Leo tutasoma neno moja mnalolijua sana: Kariakoo. Kila siku watu huvuka kivuko pale Magogoni, wakaenda zao Kariakoo kununua nguo na vyakula. Je, umewahi kujiuliza maana ya jina hilo?

Zamani za utawala wa Wajerumani, mahali penye soko palijengwa jengo kubwa. Mwaka 1914 ilianza Vita Kuu ya Kwanza. Septemba 1916 Waingereza waliuteka mji wa Dar es Salaam, na jengo lile likawa kambi ya jeshi. Lakini watu wa kambi ile hawakushika bunduki. Walikuwa wapagazi.

Kwa nini jeshi lilihitaji wapagazi? Barabara zilikuwa chache. Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma walivunja madaraja ya reli. Farasi na ng'ombe waliumwa na mbung'o wakafa. Basi risasi, unga na dawa vilichukuliwa kichwani, na mzigo wa mtu mmoja ulikuwa karibu kilo 25. Wengi wa wapagazi hawakwenda kwa hiari yao. Walikamatwa vijijini.

Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Waingereza hawazitamki herufi mbili za mwisho, p na s. Wenyeji wakalisikia jina hilo, wakalitamka Kariakoo. Nairobi nako kuna mtaa uliopata jina lake kwa kikosi hicho hicho.

Wapagazi walikufa wengi kuliko askari. Wanahistoria hukadiria kwamba waliokufa upande wa Waingereza walikaribia 100,000. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa.

Sasa sikiliza vizuri jambo hili. Kila mpagazi alipewa nambari, na jina lake liliandikwa na karani. Karani alipolikosea jina la mtu au la kijiji chake, ilikuwa vigumu kuwapata jamaa zake. Mishahara ya maelfu ya wapagazi waliokufa haikufika kwa wake zao wala watoto wao. Fedha zilibaki serikalini, na serikali ya Uingereza ilikataa kuzitoa.

Mwaka 1927 sanamu ya askari ilisimamishwa katikati ya mji. Maandishi yaliyo chini yake yanawataja wapagazi pia, lakini mwenye kuonekana juu ni askari na bunduki yake.

Lile jengo la kambi liligeuzwa soko katika miaka ya 1920. Baadaye lilibomolewa. Soko jipya, lililochorwa na Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975, na mwaka 2021 liliungua moto. Majengo yamekuja na kupita. Jina walilolitamka wenyeji lipo hata leo.

Kazi ya nyumbani: Mwendee mzee wa ukoo wenu. Muulize majina ya babu na bibi zake, na vijiji walikotoka. Yaandike katika daftari lako, kila jina kwa ukamilifu. Kisha msomee, naye akusahihishe palipokosewa herufi.

Kwaherini.