Dhahabu ya Accra na Orodha ya Dunia: Tenisi ya Wanawake Mmoja Mmoja Ikitazamwa kutoka Mbweni

Tenisi ya wanawake mmoja mmoja katika mashindano ya michezo mingi, yaani yale ambayo nchi hukutana kushindana katika michezo mbalimbali kwa wakati mmoja kama ilivyo katika Olimpiki na Michezo ya Afrika, huzungumzwa Afrika Mashariki kana kwamba tatizo lake ni uhaba wa vipaji. Makala hii inapinga mtazamo huo. Inadai kwamba msichana wa ukanda huu anaweza kushinda uwanjani na bado akaikosa Olimpiki, kwa sababu mlango wa Olimpiki hulindwa na orodha inayopima zaidi fursa ya kucheza mara nyingi kuliko uwezo wa kucheza. Aidha, inadai kwamba kazi ya kurekebisha hali hiyo haiwezi kuachiwa vikao vya kimataifa peke yake, bali inavihusu pia viunga vya miji yetu, Mbweni ya Dar es Salaam ikiwa mfano mmojawapo.

Wanawake waliingia katika tenisi ya Olimpiki mjini Paris mwaka 1900, pale Mwingereza Charlotte Cooper alipotwaa ubingwa. Mchezo wenyewe uliondolewa baada ya mwaka 1924, ukarejeshwa kama mchezo kamili wa medali Seoul mwaka 1988. Katika Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, nafasi za wanawake mmoja mmoja zilikuwa 64, na 56 kati ya hizo ziligawiwa moja kwa moja kwa kufuata orodha ya ubora ya Chama cha Tenisi ya Wanawake (WTA), kila nchi ikiruhusiwa kuingiza wachezaji wasiozidi wanne. Orodha hiyo hujengwa kwa pointi ambazo mchezaji huzikusanya katika mashindano ya kulipwa kwa muda wa majuma 52, na pointi za juma fulani hufutika mwaka mmoja baadaye, hivyo asiyecheza hushuka hata kama hajapoteza mechi. Bara la Afrika lilitengewa nafasi moja ya bingwa wa Michezo ya Afrika, lakini kwa sharti kwamba bingwa huyo awe ndani ya nafasi 400 za kwanza za orodha ifikapo tarehe 10 Juni 2024.

Sharti hilo ndilo lililomkuta Angella Okutoyi wa Kenya. Alizaliwa mwaka 2004 na kulelewa na bibi yake jijini Nairobi, akapitia kituo cha mafunzo cha Shirikisho la Tenisi la Kimataifa (ITF) mjini Bujumbura, na mwaka 2022 akatwaa ubingwa wa wasichana wawili wawili wa Wimbledon akicheza na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Machi 2024, katika Michezo ya Afrika iliyofanyika Accra, alimshinda Lamis Alhussein Abdel Aziz wa Misri kwa seti mbili, 6-4 na 6-2, akatwaa dhahabu ya mmoja mmoja. Kwa kuwa Misri ni miongoni mwa nchi zenye nguvu zaidi katika tenisi ya bara hili, ushindi huo ulikuwa tukio kubwa kwa ukanda mzima, na wengi walidhani tiketi ya Paris imeshapatikana. Haikuwa hivyo, kwani tarehe ya mwisho ilifika akiwa nje ya nafasi 400, na hakwenda Paris.

Ni rahisi kusema kwamba kanuni ilijulikana na hakuiridhisha. Hata hivyo, ulinganisho na bingwa aliyemtangulia unaonyesha kwamba jambo lenyewe ni la kalenda. Mayar Sherif wa Misri alitwaa dhahabu ya Michezo ya Afrika nchini Morocco mwaka 2019, akawa mwanamke wa kwanza wa Misri kufuzu tenisi ya Olimpiki. Sherif alikuwa amekwisha kuhitimu chuo kikuu nchini Marekani mwaka 2018, hivyo alikuwa huru kuzunguka duniani akitafuta pointi, na kati ya dhahabu yake ya Agosti 2019 na Olimpiki iliyopangwa kufanyika mwaka 2020 palikuwa na karibu mwaka mzima, kabla ugonjwa wa korona haujaisogeza Olimpiki hiyo hadi 2021 na kumwongezea mwaka mwingine. Okutoyi, kwa upande wake, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, na mechi za vyuo vya huko, ambazo msimu wake mkuu ni kati ya Januari na Mei, hazimpi mchezaji pointi za WTA. Michezo ya Accra nayo, ambayo awali ilipangwa Agosti 2023, iliahirishwa hadi Machi 2024, hivyo kipindi kati ya dhahabu na tarehe ya mwisho ya orodha, ambacho kingekuwa cha miezi kumi, kikabaki cha majuma kumi na moja hivi. Mchezaji hakuwa na sauti yoyote katika uahirishaji huo, lakini gharama yake ilimwangukia yeye.

Wapo wanaolitetea sharti la nafasi 400 kwa hoja kwamba Olimpiki ni jukwaa la walio bora, na hoja hiyo ina uzito, maana hakuna anayefaidika na mechi ya dakika arobaini isiyo na ushindani. Udhaifu wake ni kwamba inachukulia orodha kuwa kipimo kisichoegemea upande wowote. Ngazi ya chini ya mashindano ya kulipwa ya wanawake, ijulikanayo kama W15 kwa kuwa jumla ya zawadi zake ni dola 15,000 za Marekani, huchezwa kwa wingi katika nchi kama Uturuki, Misri na Tunisia, tena mara nyingi majuma kadhaa mfululizo katika hoteli ileile. Msichana wa Cairo huyafikia baadhi yake akiwa nchini mwake, ilhali wa Dar es Salaam hulazimika kulipa nauli ya ndege, viza, malazi na kocha, na zawadi ya anayetolewa mapema haifidii hata nauli. Kwa hiyo kumtaka bingwa wa Afrika athibitishe ubora wake kwa orodha hiyo, baada ya kuwashinda wapinzani wake ana kwa ana, ni kumtoza mara mbili, na ni msimamo wa makala hii kwamba kwa nafasi moja ya bara, dhahabu ingetosha.

Kwa Tanzania swali liko mbali zaidi nyuma. Ujumbe wake wa Paris ulikuwa na wanamichezo saba, katika riadha, kuogelea na judo, tenisi haikuwemo. Mashindano ya shule ya UMITASHUMTA na UMISSETA, ambayo kwa watoto wengi ndiyo mlango pekee wa michezo iliyopangwa, yamejengwa zaidi juu ya soka, netiboli, wavu, mikono na riadha, na shule nyingi za serikali hazina uwanja wa tenisi wala raketi. Viwanja vya tenisi vya Dar es Salaam viko zaidi katika klabu na hoteli, Gymkhana ikiwa maarufu kuliko zote. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki, mtoto asiye na ada ya uanachama aliingia katika viwanja vya namna hiyo kwa kuokota mipira, akajifunza kwa kutazama, kisha akapewa raketi kuukuu. Njia hiyo imetoa wachezaji na makocha wengi hodari, na inastahili heshima, lakini ilikuwa njia ya wavulana. Msichana hakutumwa na wazazi wake kushinda klabu hadi jioni akisubiri wanachama wamalize kucheza, na kwa sababu hiyo pengo la tenisi ya wanawake lilianza hata kabla ya suala la pointi kufikiriwa.

Hapo ndipo Mbweni inapohusika. Kata hii ya Kinondoni, iliyoko pwani kaskazini mwa jiji, ilikuwa miongoni mwa maeneo ya mradi wa serikali wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002, ambapo Mbweni Mpiji na Mbweni JKT zilipimwa kabla ya kujengwa, tofauti na sehemu kubwa ya jiji iliyojengwa kwanza na kupimwa baadaye. Uwanja wa tenisi wenyewe una urefu wa mita 23.77 na, kwa mchezo wa mmoja mmoja, upana wa mita 8.23, ukiongeza nafasi ya kukimbilia nyuma na pembeni, eneo lote halizidi sana mita za mraba 670, ukubwa wa kiwanja kimoja cha makazi. Kinachohitajika ni sakafu ya zege iliyosawazishwa, neti, na uzio unaostahimili chumvi ya upepo wa bahari, ambayo hula waya wa kawaida upesi. Mtoto wa Mbweni anayetaka kufika viwanja vya mjini hupanda bajaji hadi Barabara ya Bagamoyo, kisha daladala hadi Mwenge, kisha nyingine hadi Posta, na kurudi hivyohivyo giza likiwa limeingia. Mzazi wa binti wa miaka kumi anayemkatalia safari hiyo hawezi kulaumiwa. Uwanja mmoja katika eneo la shule ya msingi ya kata, wenye mwalimu aliyefunzwa na muda uliotengwa kwa ajili ya wasichana, ungeiondoa safari hiyo kabisa.

Michezo ya Afrika ijayo imepangwa kufanyika Misri mwaka 2027, mwaka mmoja kabla ya Olimpiki ya Los Angeles. Vyama vya tenisi vya Kenya, Tanzania, Uganda na Burundi vinapaswa kuzungumza kwa sauti moja kabla ya hapo, vidai sharti la orodha liondolewe kwa bingwa wa bara au, likibaki, muda wake uhesabiwe kuanzia siku dhahabu inapotolewa, na vipokezane kuandaa mashindano ya W15 ili mchezaji avuke mpaka kwa basi badala ya ndege. Manispaa ya Kinondoni, kwa upande wake, ianze kwa kulinda maeneo ya wazi ya Mbweni ambayo bado hayajavamiwa.