Nani Atasema "Eti"? Sauti ya Msimulizi wa Jane Austen kwenye Skrini, 1940–2005



1.0 Utangulizi

Kila riwaya ya mapenzi iliyopendwa na wengi inapogeuzwa kuwa filamu, mjadala unaozuka huwa mmoja: je, filamu imekuwa aminifu kwa kitabu? Watazamaji huhesabu matukio yaliyoachwa na maneno yaliyobadilishwa, kisha hutoa hukumu. Hesabu hiyo si bure, lakini aghalabu huacha nje jambo lililo kubwa kuliko yote, nalo ni la kiisimu. Riwaya ina msimulizi. Skrini, kwa kawaida, haina. Hivyo basi, swali ninalotaka tulitafakari jioni hii ni hili: msimulizi anapoondolewa, maneno yake hupewa nani?

Mfano wetu ni Pride and Prejudice ya Jane Austen, riwaya ya Kiingereza ambayo jina lake hutaja majivuno na hukumu ya haraka. Ilichapishwa London tarehe 28 Januari 1813, bila jina la mwandishi juu yake. Shirika la BBC liliionyesha kwenye televisheni mwaka 1938, na tangu hapo imerudiwa mara nyingi kiasi kwamba tunaweza kuandika historia ya kila kizazi kwa namna kilivyoisoma. Kuhusu nafasi ya jambo hili katika mhadhara wa taaluma za Kiswahili, jibu langu ni kwamba Kiswahili kinatupa chombo kizuri cha kulichunguzia. Chombo hicho ni neno dogo: eti.

2.0 Riwaya na Sauti Yake

Bwana Bennet wa Longbourn ana mabinti watano na hana mtoto wa kiume. Mali yake humwingizia pauni 2,000 kwa mwaka, lakini imefungwa na sharti la urithi: akifariki, nyumba na ardhi vitakwenda kwa ndugu wa mbali wa kiume, Bwana Collins. Mkewe na mabinti wao watabaki na kidogo sana. Katika hali hiyo anahamia jirani kijana tajiri, Bwana Bingley, pamoja na rafikiye Bwana Darcy, mwenye pato la pauni 10,000 kwa mwaka. Elizabeth, binti wa pili, anadharauliwa na Darcy dansani, anaamini uongo wa afisa mmoja aitwaye Wickham, anamkataa Darcy anapomposa, kisha kwa barua moja anagundua kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyehukumu kwa haraka.

Sentensi ya kwanza ya riwaya hiyo ni mashuhuri. Kwa ufupi, inatangaza kuwa ni ukweli unaokubaliwa na ulimwengu mzima kwamba kapera mwenye mali hana budi kuhitaji mke. Msomaji makini hutambua kuwa mambo ni kinyume: anayehitaji si kapera tajiri, bali ni wazazi wenye mabinti wasio na mali. Hata hivyo, msimulizi hasemi hivyo. Anatumia muundo wa kutendwa, unaomficha mtenda. Nasi tunayo miundo ya namna hiyo: tunaposema "inafahamika kwamba" au "inasemekana kwamba", tumekwisha kumficha anayefahamu na anayesema. Usemi huo hujivika vazi la methali. Methali haina mwenyewe; husemwa na wahenga, na wahenga hawaulizwi.

Sasa tulinganishe sentensi mbili: "Kapera tajiri anahitaji mke" na "Eti kapera tajiri anahitaji mke". Ya kwanza ni tamko. Ya pili inaonyesha kuwa maneno ni ya watu wengine, na kwamba msemaji ana shaka nayo au anayacheka. Ustadi wa Austen umo katika kuisema sentensi yake bila eti. Anayepaswa kuiweka ni msomaji, na asipoiweka, amenaswa pamoja na majirani wa Longbourn. Kinaya hicho ni mafunzo: kinamzoeza msomaji kusikia maoni ya jamii yanapojifanya kuwa ukweli.

Mbinu hiyo haiishii kwenye ukurasa wa kwanza. Msimulizi huyo hueleza mawazo ya wahusika kwa nafsi ya tatu, mara nyingi bila kutanguliza "alifikiri kwamba", hata tusijue kwa hakika ni wazo la nani. Hivyo ndivyo tunavyomjua Charlotte Lucas, rafiki wa Elizabeth mwenye umri wa miaka 27, anayekubali kuolewa na Collins licha ya upumbavu wake. Tunaelezwa hesabu yake: kwa mwanamke aliyesoma na asiye na mali, ndoa ndiyo njia pekee ya heshima ya kujikimu. Je, msimulizi anakubaliana naye? Hatuambiwi. Tunaachiwa sisi.

Basi tunayo mizani: sentensi ya kwanza, uamuzi wa Charlotte na barua ya Darcy. Tuone kila kizazi kilizifanyia nini.

3.0 Filamu ya Mwaka 1940

Filamu ya kampuni ya Metro-Goldwyn-Mayer iliongozwa na Robert Z. Leonard, Greer Garson akiwa Elizabeth na Laurence Olivier akiwa Darcy. Mswada wake uliandikwa na Aldous Huxley na Jane Murfin, ukitegemea mchezo wa jukwaani wa Helen Jerome. Asili hiyo ya jukwaani inaonekana: filamu inapenda majibizano, vicheko na mwendo wa haraka. Mwanzoni tunawakuta wanawake dukani wakichagua vitambaa. Habari za wageni matajiri zinafika, na punde magari ya farasi ya mama wawili yanashindana barabarani, kila mmoja akitaka mumewe awe wa kwanza kumtembelea kapera.

Tusiyadharau mashindano hayo. Ni tafsiri ya sentensi ya kwanza kwa njia ya mwendo: tunaona kwa macho nani hasa ndiye mhitaji. Lakini kinaya kimegeuka kuwa kichekesho, na kichekesho hakimnasi mtazamaji. Humweka pembeni akicheka wengine.

Mabadiliko mengine yanaeleza zama zake. Collins, ambaye kitabuni ni kasisi, amefanywa mtunza maktaba, kwa kuwa kanuni za Hollywood za wakati ule hazikuruhusu watu wa dini kufanyiwa dhihaka. Bibi Catherine de Bourgh, shangazi yake Darcy, ambaye kitabuni huja kumtisha Elizabeth kwa kiburi cha nasaba, hapa anakuja kumpima kwa faida ya mpwawe, na anaondoka ameridhika. Barua haipo, Darcy anaeleza habari za Wickham kwa mdomo. Filamu ilitoka Uingereza ikiwa vitani tangu Septemba 1939, na si ajabu kwamba Uingereza inayoonyeshwa humo ni ya kupendeza, isiyo na mwenye kiburi wa kweli. Kwa namna hiyo mgogoro wa kitabaka ulilainishwa hadi ukawa mzaha wa kifamilia.

4.0 BBC: 1980 na 1995

Televisheni ilikuwa na kitu ambacho sinema haina, yaani muda. Mwaka 1980 mwandishi Fay Weldon aliigawa riwaya katika sehemu tano, Elizabeth Garvie na David Rintoul wakiwa wahusika wakuu. Katika tamthilia hiyo mara kwa mara tunasikia mawazo ya Elizabeth kwa sauti isiyotoka kinywani mwake. Hapo msimulizi hakufukuzwa. Alihamishiwa ndani ya kichwa cha mhusika mmoja.

Tamthilia ya mwaka 1995, yenye sehemu sita, iliandikwa na Andrew Davies na kuongozwa na Simon Langton. Jennifer Ehle na Colin Firth walipendwa mno, na kwa watazamaji wengi ndiyo kipimo cha uaminifu. Ni kweli kwamba matukio mengi ya kitabu yamo. Hata hivyo, tuangalie mizani yetu. Sentensi ya kwanza imewekwa kinywani mwa Elizabeth, akimtania mama yake, na anaitamka kwa tabasamu. Tabasamu hilo ndilo eti. Mtazamaji hana tena kazi ya kuiweka, amewekewa. Tena tangu dakika ya kwanza tumeambiwa tuwe upande wa nani, ilhali katika sura ya kwanza ya riwaya Elizabeth hatamki neno.

Badiliko la pili ni kubwa zaidi. Davies aliongeza matukio ambayo Austen hakuyaandika: tunamwona Darcy peke yake akioga, akifanya mazoezi ya kitara, akijitosa ziwani huko Pemberley. Mara nyingi tunayaona macho yake yakimfuata Elizabeth wakati yeye hajui. Kamera imekuwa msimulizi mpya, na msimulizi huyo ametupa siri mapema. Msomaji wa riwaya, ingawa hudokezwa hisia za Darcy, humwamini Wickham pamoja na Elizabeth, na barua inapofika huona haya pamoja naye. Mtazamaji wa 1995 hana la kuonea haya. Amekaa akimsubiri Elizabeth agundue.

Barua yenyewe inathibitisha jambo hilo. Katika riwaya, Elizabeth anaisoma na kuirudia, akipima sentensi kwa sentensi, kwa kuwa alichonacho ni maneno ya mtu mmoja dhidi ya maneno ya mwingine. Ni kazi inayofanana sana na yetu sisi wanaisimu. Katika tamthilia, tunasikia sauti ya Darcy huku tukionyeshwa picha za Wickham na Georgiana, dada yake Darcy. Maneno yamegeuka ushahidi wa macho. Maneno tunaweza kuyatilia eti. Picha ya namna hiyo ni vigumu kuitilia.

5.0 Amritsar na Pemberley: 2004 na 2005

Mwaka 2004 Gurinder Chadha, mwongozaji wa Uingereza aliyezaliwa Nairobi mwaka 1960 katika familia ya Kipunjabi, alitoa Bride and Prejudice. Longbourn imekuwa Amritsar, Elizabeth amekuwa Lalita, aliyeigizwa na Aishwarya Rai, na Darcy ni Mmarekani wa familia yenye mahoteli. Kwa anayehesabu matukio, filamu hii yenye nyimbo na dansi iko mbali na kitabu. Kwa mizani yetu, iko karibu kuliko inavyodhaniwa. Majivuno ya Darcy si tena ya kitabaka tu, bali ni ya mtu wa nchi tajiri anayedhani ameielewa India kabla hajaitazama. Na shinikizo la kuoza mabinti halihitaji kuelezwa kama desturi ya kale, kwa kuwa katika mazingira hayo bado ni maisha ya leo.

Mwaka uliofuata, Joe Wright aliongoza filamu ya takriban saa mbili iliyoandikwa na Deborah Moggach, Keira Knightley akiwa Elizabeth na Matthew Macfadyen akiwa Darcy. Sentensi ya kwanza haimo kabisa. Tunamwona Elizabeth akitembea huku akimaliza kusoma kitabu, kisha kamera inaingia katika nyumba yenye fujo, nguo zilizoanikwa na mifugo nje. Posa ya kwanza, ambayo kitabuni hufanyika chumbani, imetolewa nje kwenye mvua. Toleo la Marekani liliongezewa onyesho la mwisho la wapendanao wakibusiana usiku. Toleo la Uingereza lilimalizika kwa Bwana Bennet na furaha yake ya kizazi. Hadithi moja, miisho miwili, kwa hadhira mbili.

Kwa muda mrefu niliihesabu filamu hii kuwa dhaifu kuliko tamthilia ya 1995. Kilichonibadilisha ni onyesho moja fupi. Charlotte anakuja kumweleza Elizabeth uamuzi wake, na Elizabeth anaposhangaa, Charlotte anamjibu kwa uchungu: umri wake ni miaka 27, hana fedha, ni mzigo kwa wazazi wake, naye anaogopa. Katika riwaya Charlotte hakutamka hofu hiyo; msimulizi alitueleza hesabu yake tu, kwa utulivu unaotisha. Moggach hakuyahifadhi maneno, lakini aliyapa kinywa. Kinaya kimepotea, na mahali pake tumepata kilio. Si kitu kilekile, ila mtazamaji hawezi kutoka akidhani kwamba hadithi hii ni ya mapenzi peke yake.

6.0 Hitimisho

Tumeona kwamba maneno ya msimulizi yamegeuzwa kuwa mashindano ya magari ya farasi, sauti ya kichwani, tabasamu, na kilio cha rafiki. Kila uhamisho una faida na hasara yake. Kinachopotea mara nyingi ni kazi ya mtazamaji: ile kazi ya kuweka eti pale ambapo hakuna aliyeitamka.

Jambo hili linatuhusu. Mwaka 2021 Amil Shivji alitoa filamu iliyotokana na Vuta N'kuvute, riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999, ambamo Yasmin, msichana wa Zanzibar, anaozwa kwa mume mzee asiyempenda. Bila shaka riwaya nyingine za Kiswahili zitafuata, na vijana wengi watakutana na filamu kabla ya kitabu. Silioni hilo kuwa msiba. Ombi langu kwa walimu ni kwamba tusiwaulize wanafunzi wetu tu nini kimeachwa. Tuwaulize sauti ya msimulizi imekwenda wapi, na nani sasa anabeba hukumu yake.

Kwa maana sentensi zisizo na mwenyewe hazimo vitabuni tu. Zimo sebuleni mwetu na kwenye vikao vya posa. Inafahamika kwamba binti wa umri fulani amechelewa. Inafahamika kwamba mume mwenye mali hakataliwi. Yasmin aliozwa kwa sentensi kama hizo, na Charlotte alijioza mwenyewe kwa sentensi kama hizo. Kijana aliyezoea kuuliza "inafahamika na nani?" amepata kutoka kwenye fasihi kinga ambayo hakuna sheria inayoweza kumpa.