Matembezi Mafupi Katika Vilima vya Ngong: Mambo ya Kujua Kabla ya Kwenda

Huenda mara ya mwisho ulipopita porini ulikuwa ukikimbia. Makala haya ni ya safari ya namna nyingine: kupanda kilima kwa hiari yako, pamoja na jamaa na majirani, na kurudi nyumbani mapema.

Vilima vya Ngong viko Kaunti ya Kajiado, kilomita 25 hivi kusini-magharibi mwa katikati ya jiji la Nairobi. Vimejipanga kwa mstari ukingoni mwa Bonde la Ufa. Kilele kirefu zaidi, Lamwia, kina mita 2,460. Msitu wake unasimamiwa na Huduma ya Misitu ya Kenya (KFS).

Njia yenyewe

Wanaopenda safari ndefu hufuata vilele vyote hadi Kona Baridi. Wewe huna haja ya kufika huko. Anzia lango la upande wa mji wa Ngong, pita kwenye mitambo ya umeme wa upepo, panda kilima cha kwanza, kisha geuza urudi ulikotoka. Tenga saa mbili pamoja na mapumziko. Mtoto aliyezoea kutembea anaweza, na mzee pia, mkienda polepole.

Njiani utaona nyasi na vichaka vya leleshwa, vyenye majani ya kijivu. Sugua jani mkononi unuse: Wamaasai huyatumia kama manukato ya mwili. Ukiwa juu, upande mmoja utaona Nairobi, na upande wa pili Bonde la Ufa.

Jinsi ya kufika

Panda matatu namba 111 kutoka jijini hadi mji wa Ngong. Kutoka hapo hadi langoni ni mlima, kwa hiyo wengi huchukua bodaboda. Patana bei kabla ya kupanda.

Hati na malipo

• Beba kitambulisho chako halisi cha mkimbizi, si picha kwenye simu pekee.
• Kama makazi yako yaliyosajiliwa ni Kakuma au Dadaab, hakikisha una kibali cha kusafiri kabla ya kuondoka huko, na kwamba muda wake haujaisha.
• Kiingilio hutofautiana kati ya raia, mkazi na mgeni. Onyesha kitambulisho chako na uulize utalipa kiwango kipi kabla ya kutoa pesa. Dai risiti.

Usalama

• Nenda na kikundi, hasa kama ni mara ya kwanza. Mwambie mtu aliyebaki nyumbani saa mtakayorudi.
• Usiache njia kuingia msituni. Mkitaka kuendelea kwenye vilele vya mbali, ombeni askari wa msitu awasindikize na muulize malipo yake mapema.
• Anza asubuhi. Giza lisikukute mlimani.

Vitu vya kubeba

Maji, chakula chepesi na viatu visivyoteleza. Usisahau koti hata kama jijini kuna jua. Mitambo ile iliwekwa pale kwa sababu upepo ni mkali. Mvua za Machi hadi Mei, na za Oktoba hadi Desemba, hufanya udongo uteleze. Ukungu ukishuka, rudini.

Kwa wageni na wenyeji

Utakutana na wafugaji na ng'ombe wao. Pisha mifugo, salimia, na usimpige mtu picha bila ruhusa. Rudi na takataka zako. Kwa wenyeji wa Ngong: mkiona kikundi kinachoulizia njia, waelekezeni, na mkipata nafasi tembeeni nao. Vikundi vya vijana na vya makanisa na misikiti vinaweza kupanga safari ya pamoja ya wakimbizi na wenyeji. Nauli ni nafuu mkichangia gari moja, na mtu aliyekuwa jirani tu hurudi akiwa rafiki.