Babu Zetu Walilenga na Nini?

Juzi kwa kibanda cha gemu hapa Machakos mjini, vijana wawili karibu wapigane. Mmoja alikuwa ameweka skopu kubwa kwa bunduki yake ya PUBG, na pembeni akaongeza ile ndogo ya karibu, ya akiba. Mwenzake akamwambia huo ni ushamba, vyuma vinatosha. Mimi nikingoja zamu yangu nikawaza: wazee wetu waliobeba bunduki za ukweli, nani aliwachagulia?

Vyuma, kwa wale hawachezi, ni kile kijiti cha mwisho wa mtutu na tundu la nyuma karibu na jicho. Unavilinganisha, unafyatua. Havina betri wala kioo. Cheki G3 ya polisi kwenye kizuizi cha barabara (kwa mbali tafadhali, usiende kuuliza maswali). Nyuma ina kingoma kinachozunguka: 1 ni kata ya V ya mita 100, halafu matundu ya 200, 300 na 400.

Huku kwetu watu walilenga kwanza na uta na mishale ya sumu. Uta hauna kijiti wala tundu, na kila mtu aliuzoea wake. Bunduki ikaja na watu wengine. Kampuni ya Imperial British East Africa ilijenga ngome Machakos 1889. King's African Rifles ikaundwa 1902 na Wakamba wakaingia wengi. Wazungu wakasema sisi ni kabila la vita. Watu bado hujisifia hiyo, lakini mimi naiona kama tangazo la kazi.

Sasa, ile .303 ya Vita vya Pili, Lee-Enfield No. 4, ndiyo inanifurahisha. SMLE iliyokuja kabla yake ilikuwa na kata ya nyuma juu ya mtutu, mbali na jicho. Kwa No. 4 wakaisogeza karibu na jicho, ikawa tundu. Kulikuwa na kibao cha kupimia, yadi 200 mpaka 1,300. Ukikilaza, linabaki tundu moja lisilobadilika, la yadi 300. Yaani akiba imo ndani tayari. Adui akikushtua huna haja ya kupima kitu.

Lakini ona ile ya wadunguzi, No. 4 (T). Ili skopu ikae, mafundi walilisaga lile tundu la yadi 300 likatoka. Kibao kilibaki, ila kukitumia lazima kwanza ufungue skrubu mbili utoe skopu. Hapo ndipo naungana na kijana wa PUBG. Kama akiba yako inataka ufungue skrubu mvua ikinyesha, umechaguliwa vibaya.

Na ndiyo, umechaguliwa. Askari wa Machakos hakuulizwa. Hata bunduki yenyewe hakuulizwa.

1938 serikali ilikuwa inachukua ng'ombe wa Wakamba kwa lazima, bei ya kutupa, ikisema mifugo imemaliza ardhi. Kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa Athi River, kinangoja. Muindi Mbingu akaongoza maelfu kwa miguu mpaka Nairobi kumtafuta Gavana Brooke-Popham, na wakakaa huko wiki kadhaa. Mbingu akapelekwa kizuizini Lamu, lakini mpango wa ng'ombe ukaachwa. Askari na polisi wengi walikuwa watoto wa hao waandamanaji, na serikali ilijua vizuri bunduki zake ziko mikononi mwa nani. Hiyo hatufundishwi sana. Sisi tunajua Muindi Mbingu ni barabara ya Nairobi.

Mwaka mmoja baadaye vita vikaanza, na serikali ile ile ikarudi Ukambani kutafuta wanaume. 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa Burma, Bonde la Kabaw, kwenye masika na matope. Mtu ambaye ng'ombe wa babake walichukuliwa analenga Mjapani kupitia tundu lililopimwa na fundi wa Uingereza.

Zamu yangu ikafika. Nikatoa skopu zote, nikaingia na vyuma tu. Nilikufa kabla ya dakika tatu, na wale wawili wakaacha kugombana wakanicheka.