Kupanua Mfumo wa Faili katika Hifadhi ya Wingu

Mfumo wa faili ni utaratibu ambao kompyuta huutumia kutunza kumbukumbu ya mahali kila faili ilipo katika diski, na istilahi hii haina budi kutofautishwa na diski yenyewe, kwa kuwa katika mashine pepe, yaani kompyuta inayoundwa kwa programu ndani ya seva kubwa, viwili hivyo hupanuliwa kwa hatua tofauti. Diski ya mashine kama hiyo hutoka katika hifadhi ya bloku, ambamo nafasi hugawanywa katika vipande vya ukubwa sawa, navyo mteja hukodishiwa kwa kadiri anavyohitaji.

Kati ya diski na mfumo wa faili lipo tabaka la tatu, ambalo hapa linaitwa sehemu badala ya kigawe, kwani kigawe tayari ni neno la hesabu. Mipaka ya kila sehemu huandikwa katika jedwali lililo mwanzoni mwa diski. Wakazi wa Thika na Ruiru, ambako mashamba ya kahawa yamegeuzwa ploti na ambako mji mpya wa Tatu City umechukua ekari 5,000 za ardhi ya namna hiyo, wanafahamu kwamba anayenunua ploti ya jirani hajahamisha mawe ya mpaka, wala nyumba yake haijaongezeka chumba. Diski nayo hupanuliwa kwanza, kisha sehemu, na mwisho mfumo wa faili. Katika kupunguza, mpango huo hugeuzwa, kwa maana anayeanza kwa kukata diski huikata pamoja na data iliyo ukingoni.

Kwa sababu hiyo istilahi ya jumla, kubadilisha ukubwa, haifai sana, kwani huficha kwamba kupanua na kupunguza havilingani kwa hatari. Mfumo wa ext4 hupanuliwa ukiwa kazini, lakini haupunguzwi kabla ya kutenganishwa na mashine inayoutumia. Mfumo wa XFS hupanuliwa tu, na katika matumizi ya kawaida haupunguzwi kamwe. Na diski za wingu za Amazon huongezwa bila kupunguzwa, hivyo anayetaka ndogo huunda mpya na kunakili data.

Chuo kilichoko Thika, Juja au Ruiru kinaweza kuwa na diski yake Cape Town, ambako Amazon ilifungua kanda yake mwaka 2020, na mashine ikikataa kuwaka baada ya jedwali la sehemu kuharibika, hakuna fundi wa chuo atakayeifikia kwa mikono. Diski itabidi ichomolewe kwa amri na kuunganishwa na mashine nyingine ili irekebishwe. Ndiyo maana nakala ya papo, inayohifadhi hali ya diski nzima kwa wakati mmoja, huchukuliwa kabla ya hatua ya kwanza, na kujaribiwa kama inafunguka. Kazi ikiisha, amri ya lsblk huonyesha ukubwa wa diski na wa sehemu, nayo df ule wa mfumo wa faili, na majibu yakipishana mno, ipo hatua iliyorukwa.