Yasuke walimpima urefu, jina lake hawakuandika

Mimi nina urefu wa sentimita 191. Kwa mathree nakaa shingo upande kutoka tao hadi nyumbani, na mtu asiyenijua hata jina huanza na swali moja: "Buda, kwani ulikula nini?" Kwa hivyo gemu ya Assassin's Creed Shadows ilipotoka 2025 na watu wakaendelea kutusiana mtandaoni kama Yasuke alikuwa samurai ama la, mimi nilikwama kwa kitu kingine. Nilikwama kwa urefu wake.

Stori ni hii. Mwaka 1579, padre Mwitaliano Alessandro Valignano, mkubwa wa Wajesuiti huku Asia, alishuka Japani akiwa na Mwafrika kwenye msafara wake. Machi 1581 wakafika Kyoto. Watu walijaa kumwona huyo jamaa, wakasukumana hadi wengine wakaumia. Oda Nobunaga, mbabe wa vita aliyekuwa na nguvu kuliko wote Japani wakati huo, akasikia kelele na kuagiza aletwe. Akamvua nguo hadi kiunoni na kuamuru asuguliwe ngozi, maana alidhani ni rangi amepakwa. Haikutoka.

Sasa angalia walioandika. Ōta Gyūichi, aliyeandika maisha ya Nobunaga, anasema mgeni alikuwa kama wa miaka 26 au 27, mweusi kama ng'ombe, mwenye nguvu za watu kumi. Matsudaira Ietada alimwona 1582 akaandika kwa shajara yake: shaku 6 na sun 2. Hiyo ni kama sentimita 188, kwenye nchi ambayo wanaume wengi walikuwa wamepita mita moja na nusu kidogo tu. Manze, walimpima hadi sun ya mwisho! Lakini jina alilopewa na mamake hakuna aliyeliandika. Yasuke ni jina la Kijapani. Kuhusu kwao, Mjesuiti Mfaransa anayeitwa Solier aliandika 1627, zaidi ya miaka 40 baadaye, kwamba alitoka Msumbiji. Hiyo ni pwani yetu hii hii, ukishuka kusini.

Nobunaga alimpa nyumba, posho na upanga mfupi. Lakini kuna kitu kidogo kwenye barua za Wajesuiti ambacho mimi nakipenda kuliko upanga: Yasuke alijua Kijapani kiasi, na Nobunaga hakuchoka kupiga stori na yeye. Yaani yule yule aliyemsugua kama sufuria aliishia kukaa chini na kumsikiliza.

Ilidumu miezi 15 tu. Tarehe 21 Juni 1582, jenerali Akechi Mitsuhide alimgeuka Nobunaga, akamzingira kwenye hekalu la Honnō-ji, na Nobunaga akajiua. Yasuke angeweza kukimbia. Badala yake alienda kwa Nobutada, mtoto wa Nobunaga, akapigana muda mrefu hadi akasalimisha upanga. Akechi alipoulizwa wamfanye nini, alisema huyu ni mnyama tu, hajui kitu na si Mjapani, kwa hivyo asiuawe, apelekwe kwa mapadre. Baada ya hapo rekodi zinanyamaza.

Hebu fikiria. Aliokoka kwa sababu hakuhesabiwa kuwa mtu. Wenzake walikufa kama mashujaa, yeye akaachwa hai kwa dharau.

Ndiyo maana ubishi wa mtandaoni unanichosha. Alipokea posho, alibeba upanga, alipigania bosi wake hata baada ya bosi kufa. Wanaomkana leo wanaanzia pale pale alipoanzia Akechi: si Mjapani. Na wengi wetu tunaomshangilia pia tunaanza na mwili wake, mrefu, mweusi, nguvu za watu kumi. Mimi ningetaka kujua walikuwa wanaongea nini usiku, yeye na Nobunaga.

Kwa hivyo ukinipata stage, niulize jina kwanza. Nilichokula tutaongea baadaye.